Siku Nilipolinywesha Lori Pombe ya Ukweni

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na ningeendelea kuificha kama mke wangu asingekuwa anaisimulia kila tukipata wageni, tena anaitia chumvi pasipohitaji chumvi, kwa hiyo afadhali niiseme mwenyewe, niiseme yote, na mkimaliza kucheka mnipe maji ya kunywa. Mimi ndiye yule mposaji aliyefika ukweni bila shati, jicho moja limevimba, ananuka pombe kuanzia nywele mpaka viatu, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, barabara ya Rusumo haipumziki, magari meupe ya mashirika yanapita, malori ya mahindi na maharage yanapita, na kandokando watu wanatembea na magodoro kichwani. Kila kijana wa Ngara aliyejua kushika usukani alipata kazi, na mimi nikapata, nikawa nabeba kuni kupeleka kambini kwa lori la tajiri mmoja wa pale mjini, lori la zamani lenye pua ndefu, ambalo naamini lilianza kutembea kabla mimi sijaanza kutembea (kadi yake ilikuwa imeliwa na mende pale penye mwaka, kwa hiyo hakuna wa kunibishia). Lilikuwa na kelele, lilikuwa na moshi, lakini kuchemsha halikuwa limewahi kuchemsha. Nataka mlikumbuke hilo, maana mimi siku ile nililisahau kabisa.

Lusahunga, pale njia panda, ndipo nilipomwona Anastazia. Alikuwa akiuza karanga na ndizi za kuchoma kwa madereva, na kila nikipita nikawa na njaa, hata kama nimetoka kula sasa hivi. Kwao ni Nyamigogo, watu wa shamba, watu wa kanisa, na baba yake, mzee Kalisti, alikuwa hataki kusikia neno dereva ndani ya boma lake. "Dereva ni mlevi mwenye leseni," ndivyo alivyokuwa akisema. Baba yangu mdogo, Sevelini, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu, alikwenda mara mbili na mara zote mbili alipokelewa na kaka zake mzee Kalisti tu, mwenyewe alikataa hata kutoka chumbani. Na kulikuwa na mwalimu mmoja wa Biharamulo ameshatuma watu, kijana mtulivu, ana baiskeli mpya na mwandiko mzuri. Mimi nilikuwa na mikono yenye grisi.

Nikaacha pombe. (Nilikuwa nakunywa, siwadanganyi, si sana lakini nilikuwa nakunywa.) Nikaiacha miezi mitano mfululizo, mpaka marafiki zangu wakadhani nimeingia kwa walokole, na habari zikamfikia mzee, na mwishowe akatuma neno: "Waje Jumamosi. Ila saa sita mchana wawe wamekaa kwenye viti. Nataka kuona kama dereva anaweza kufika mahali kwa wakati, tena akafika na akili zake. Akishindwa, nampa mwalimu jibu lake jioni hiyo hiyo."

Sasa mnaelewa nilikuwa nabeba nini siku ile. Tajiri akanipa lori kwa siku moja, nikalifagia vumbi la kuni, nikabadilisha oili, nikajaza maji kwenye rejeta mpaka shingoni, nikakaza mkanda wa feni. Gari lilikuwa tayari kuliko mimi.

Alfajiri ya Jumamosi, nyumbani Nyakisasa, ndugu wakapanda nyuma, kama watu ishirini hivi, na mbuzi, na kuku, na madumu matatu makubwa ya urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi, maana kwetu huwezi kuanza maneno ukweni bila kuweka pombe katikati, hata uwe na ulimi wa asali hakuna atakayekusikiliza. Shangazi yangu Melania akaja wa mwisho, amebeba mkeka. Jamani, ule mkeka! Alikuwa ameusuka miezi minne kwa mafunjo, mzito, umebana hata maji hayapiti, una michoro myeusi na myekundu, zawadi ya mama mkwe. Akachungulia nyuma ya lori, akaona miguu ya watu na kwato za mbuzi, akanigeukia.

"Evarist, mkeka wangu haukanyagwi na mbuzi. Nitauweka wapi?"

Hapa ndipo nilipopaswa kumwambia akae nao mbele, auweke mapajani. Lakini mimi nikapata wazo (na mpaka leo nikipata wazo mke wangu huondoka chumbani). Nikasema, shangazi, huu mkeka tuufunge mbele ya gari, kwenye pua, ili wakwe wauone tangu mbali kabla hata hawajatuona sisi. Akacheka kwa furaha, akanibariki. Nikachukua mipira ya tyubu, ile tunayofungia mizigo kwenye baiskeli, nikaufunga pembe zote nne, ukakaa sawasawa, umeziba uso wote wa gari chini ya taa mpaka bampa. Nikarudi nyuma hatua kumi nikautazama, nikajiona nimetenda jambo kubwa. Majirani wakapiga makofi. Tukaondoka.

Dereva yeyote anayenisikiliza hapa ameshashika kichwa. Kwa ambao si madereva, niwaambie tu kwamba nyuma ya ile pua ndiyo inakaa rejeta, ambamo maji ya injini yanakuja kupozwa, na kinachoyapoza ni upepo unaoingia kwa mbele. Mimi nilikuwa nalijua hilo vizuri kabisa, nilikuwa nawafundisha wenzangu. Lakini siku ile kichwa changu kilikuwa Nyamigogo, mwili peke yake ndio uliokuwa Ngara.

Mpaka kwenye lami hakukuwa na shida, asubuhi ilikuwa na baridi na ukungu. Tatizo lilianza jua lilipopanda, tukiwa kwenye mlima wa kwanza mrefu. Nikaona mshale wa geji ya joto unatambaa, unatambaa, umeingia kwenye nyekundu. Nikasikia injini inagonga, na harufu ile ya chuma cha moto. Nikasimama kando, nikafungua boneti, mvuke ukatoka wa kuweza kupikia mahindi.

"Rimekuwa nini hiri rori?" akauliza shangazi, ambaye L na R hakuwahi kuzipatanisha maisha yake yote.

"Maji tu yamepungua, shangazi."

Jamani, maji nilikuwa nimejaza mwenyewe alfajiri. Lakini tulikuwa kwenye pori, na miaka ile watu walikuwa wanatekwa kwenye mapori yale, hakuna aliyetaka kukaa pale kufikiri. Tukangoja kidogo, nikafungua mfuniko kwa kitambaa, tukamwagia maji yote ya kunywa tuliyokuwa nayo, hata chupa ya maji ya mtoto, tukaendelea, na nyuma nikasikia akina mama wameanza rozari. Nikaenda polepole, na kwenye tambarare mshale ukakaa pabaya lakini hauzidi, nikajipongeza.

Tukaingia Lusahunga saa nne na ushee, gari linatoa moshi mbele na moshi nyuma. Na mnajua Lusahunga. Malori makubwa yamejipanga, madereva wamekaa kwenye mabenchi wanakula nyama, hawana kazi yoyote isipokuwa kutazama matatizo ya wenzao. Nikasimama katikati yao. Halafu wale wasichana wenzake Anastazia wa karanga wakanitambua, wakaja na mabeseni yao kichwani, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, "Si huyu ndiye wa Anastazia? Mbona anafuka?"

Kama ningekuwa mtu mwenye akili ningewauliza wale madereva, maana walikuwa wazoefu, wengine wametembea mpaka nchi za mbali. Lakini nilikuwa na shati jeupe, nilikuwa na wakwe, na wasichana wananitazama. Nikafungua boneti kama daktari anayefunua mgonjwa. Dereva mmoja mnene akasogea na mfupa wake mkononi, akauliza, "Bwana, hili guo hapa mbele ni la nini?"

"Hilo ni zawadi ya ukweni," nikamjibu kwa ukali, "haliguswi na mikono ya nyama."

Akanitazama, akatazama mkeka, akarudi kwenye benchi lake. Wenzake wakamuuliza kitu, akawajibu, wakacheka mpaka wakapigana mabegani. Mimi nikadhani wananicheka shati.

Nikapima mkanda wa feni kwa kidole gumba, umekaza. Nikatazama mipira ya maji, mizima. Nikatazama chini ya pampu ya maji, pakavu. Basi nikatangaza, kwa sauti ile ile ya daktari, kwamba ni themostati, kile kimlango kidogo kinachoruhusu maji ya moto yatoke kwenye injini kwenda kupoa, kimenasa, kinatakiwa kung'olewa. Nikavaa koti la kazi juu ya shati, nikafungua boliti, nikaunguza vidole viwili, nikakitoa, nikakata gasketi mpya, ile ya kuzibia maungio, kwenye boksi la biskuti, nikafunga. Wasichana wakanipa karanga za bure kwa kunihurumia, nikatafuna huku nakaza spana. Kile kimlango nilikiweka mfukoni, na niwaambie ukweli, kilikuwa kizima kabisa, kimefunguka vizuri kwa joto, mimi mwenyewe nilikiona kimefunguka na bado nikakishutumu.

Tukajaza maji, tukaacha Lusahunga saa tano na robo. Baba mdogo Sevelini, amekaa mbele karibu nami, alikuwa ananitazama kwa heshima. "Kumbe umesomea," akasema. Mimi nikatikisa kichwa tu, nikakanyaga mafuta, maana muda ulikuwa umebana. Tena kwa haraka hiyo nikasahau vitu vitatu juu ya tofali pale njia panda, koti la kazi, kitambaa changu cha kufungulia rejeta na dumu la maji ya akiba nililojaza pale.

Tulipoiacha barabara kubwa na kushika njia ya vumbi ya kwenda Nyamigogo, jua likiwa utosini, haikupita hata nusu saa. Mshale ukapita nyekundu ukaenda kulala kwenye pini. Gari likakohoa, likanyamaza lenyewe, sikulizima.

Baba mdogo akakusanya watu, akasema anakwenda na akina mama kutafuta kijito, wakaondoka na ndoo na sufuria, wengine wakaenda kukaa kwenye kivuli nyuma kabisa, na mbuzi wao. Nikabaki mimi na shangazi Melania, aliyekataa kuacha mkeka. Nikatazama saa. Saa tano na dakika hamsini. Nikaona sura ya mwalimu anapewa jibu lake, nikaona baiskeli yake mpya. Jamani, niliogopa, nasema wazi. Na mtu akiogopa namna ile hangoji gari lipoe.

Nikavua shati jeupe, nikaliviringisha mkononi, nikafungua mfuniko. Maji yenye kutu yakaruka juu, shati likawa la rangi ya matofali, mimi nikaruka nyuma. Ndani ya rejeta hakuna maji yaliyobaki. Nikatazama nyuma ya lori, nikaona madumu matatu ya urwagwa yamekaa kwa utulivu kabisa.

"Evarist," shangazi akasema, "usithubutu."

"Shangazi, pombe si ni maji? Ni maji na ndizi."

Nikathubutu. Lita ishirini za pombe ya wazee, iliyopikwa na mama yangu kwa siku tano, nikaimimina kwenye lori, nusu ndani, nusu juu ya injini. Kwanza likapiga kelele kama kikaango. Halafu likaanza kutoa povu, povu jingi, jeupe, tamu, likapanda shingoni mwa rejeta likamwagika, likaruka, likanirukia kifuani, kichwani, ndani ya viatu, na harufu ikajaa pori zima, harufu ya kilabu cha pombe siku ya mnada. Shangazi akashika mdomo. "Mana yanje!" akaita Mungu wake kwa Kihangaza.

Na pale ni Biharamulo, nchi ya misitu, nchi ya mizinga. Nyuki wakaja kwanza mmoja mmoja, halafu wakaja kama walioalikwa. Nikapigana nao kwa shati, mmoja akanipata juu ya jicho la kushoto, nikalia kama mtoto, siwafichi.

Ni katika hali hiyo, kifua wazi, povu kwenye nywele, jicho linajifunga, ndipo akapita mzee mmoja na baiskeli. Alikuwa amefunga benchi refu la kanisa nyuma, limetokeza huku na huku, anakanyaga pedali taratibu. Akasimama. Akatazama gari, akanitazama mimi, akanusa hewa.

"Limechemsha?" akauliza.

Ningesema nini? Ningemwamkia, ndicho nilichopaswa kufanya, maana alikuwa na umri wa baba yangu. Lakini nikamjibu hivi, na maneno haya nayakumbuka kila nikienda kuungama: "Mzee, kama huna maji pita zako, hii ni kazi ya wataalamu."

Hakukasirika. Akaegemeza baiskeli kwenye mti, akazunguka mbele, akapiga mkeka kwa kiganja mara mbili, taratibu, kama unavyobisha mlango.

"Kijana, na hili linapumulia wapi?"

Nikafungua mdomo kumjibu vibaya mara ya pili. Halafu nikasikia alichosema. Nikautazama ule mkeka, nikaona tangu alfajiri, mlimani, porini, Lusahunga, nilikuwa nimelifunga lori pua na mdomo halafu nikawa nalishangaa kwa nini linakufa. Yule mzee akafungua mipira ya tyubu pembe moja baada ya nyingine, akaukung'uta vumbi, akauviringisha vizuri, akamkabidhi shangazi kwa mikono miwili. "Umesukwa na mtu anayejua," akamwambia, na shangazi akapiga goti.

Kisha akanigeukia. "Fungua koki ya chini, umwage hiyo pombe. Usitie maji ya baridi sasa hivi, utapasua silinda hedi. Lipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu yake, ndipo ujaze. Litakwenda."

Na mimi, badala ya kusema asante, mnajua nilisema nini? Nilisema, "Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo."

Mzee akapanda baiskeli yake na benchi lake, akaondoka kwa njia ya mkato.

Baba mdogo aliporudi na maji alikuta dumu tupu. Hakunipiga, ila alitafuta mti akaupiga teke. Tukasafisha, tukangoja, tukajaza, nikapiga stata, na lile lori likawaka kwa mara ya kwanza tu, likaimba mpaka Nyamigogo, mshale umetulia katikati kama siku zote. Njiani baba mdogo akapanga maneno. "Tutasema dumu moja limepasuka. Wewe utakaa kimya, mposaji hasemi, hiyo ndiyo desturi, ukifungua mdomo nitakukana mbele ya watu."

Tukaingia saa nane kasorobo. Watu wamejaa, wameinamia saa zao, mwalimu hayupo lakini mjomba wake yupo, amekaa pembeni na miguu yake imekunjwa. Mimi nimefunikwa kitenge cha shangazi mabegani, jicho limefunga kabisa, na kila ninapopita watu wanageuza nyuso kwa harufu. Anastazia alikuwa dirishani. Nilimwona anaziba macho kwa viganja.

Tukakalishwa. Nikainamisha kichwa. Nikasikia watu wanasema mwenye nyumba anakuja, nikainua jicho langu moja, na ndani akatoka mzee Kalisti, amevaa koti safi, mbele yake vijana wawili wamebeba benchi la kanisa.

Sijui kama mmewahi kuomba ardhi ifunguke. Mimi niliomba kwa Kihangaza, kwa Kiswahili na kwa Kilatini kidogo cha kanisani. Shangazi Melania alimtambua pia, nikasikia anahema. Lakini baba mdogo, ambaye hakuwahi kumwona, kwa kuwa mara zote mbili mzee alikataa kutoka, na wakati ule yeye alikuwa kijitoni, akasimama kwa furaha, akakohoa, akaanza hotuba. Akasifu boma, akasifu migomba, akaomba radhi kwa kuchelewa, halafu akasema, "Na tulikuwa na madumu matatu, wazee wangu, lakini moja limepasuka njiani."

"Limepasuka?" akauliza mzee Kalisti.

"Limepasuka, mzee wangu. Mashimo ya njia yenu hayana huruma."

Mzee akanigeukia. Alinitazama tu, na mjomba wa mwalimu akaanza kukunjua miguu kama mtu anayejiandaa kupeleka habari njema nyumbani. Nikajua nikikaa kimya nimemkosa Anastazia, nikisema nimeivunja desturi na pengine nimemkosa vilevile. Miguu ikasimama yenyewe.

"Baba," nikasema, na sauti ikanitoka nyembamba, "dumu halikupasuka. Pombe yenu nililinywesha lori mimi mwenyewe, kwa haraka na kwa ujinga. Na yule aliyekujibu ovyo kule njiani hakuwa utingo. Ni mimi ninayeposa."

Baba mdogo akakaa chini taratibu, kama anayekalia miiba.

"Sogea hapa," mzee akasema. Nikasogea. Akainuka, akaleta uso wake karibu na wangu. "Nipulizie."

"Baba?"

"Nipulizie puani."

Nikampulizia, mbele ya wazee wote, mbele ya mama mkwe, mbele ya paroko msaidizi. Akavuta hewa, akafikiri, akaniambia nipulize tena, nikapuliza. Akawageukia wazee wenzake.

"Mwili unanuka pombe. Mdomo unanuka karanga." Akakaa. "Mimi nilisema simpi binti yangu mlevi. Basi, mlevi ninayemwona hapa ni gari."

Ilianza kwa mama mmoja jikoni, halafu boma lote likaangua kicheko, wazee wanashika mbavu, shangazi analia kwa kucheka, hata mjomba wa mwalimu alijaribu kujizuia akashindwa. Nikajiona nimerudishiwa pumzi. Lakini mzee mwenyewe hakucheka, akanyoosha mkono, wakanyamaza.

"Kuharibu gari ni kazi ya kila dereva," akasema. "Ila leo umekutana na mtu mzima njiani, hukumwamkia, na alipokusaidia hukumshukuru. Hilo halisababishwi na injini. Toka nje, oga, vaa shati, uingie tena kama mtu anayeingia kwa watu."

Nikatoka. Nyuma ya nyumba nikaletewa ndoo na sabuni na shati kubwa la mzee mwenyewe (Anastazia ndiye alileta, akaniminya kidole kimoja kati ya vile vilivyoungua, na sikusikia maumivu). Nikaoga haraka, nikalifunga lile shati mpaka kifungo cha shingo, nikarudi, nikapita katikati ya watu wote wale, nikafika mbele yake, nikainama.

"Shikamoo, baba. Na asante kwa kunisaidia."

Jamani, aliniacha nimeinama muda ambao ungetosha kubadilisha tairi. Nilikuwa natazama viatu vyake tu, nikasikia kuku nje, nikasikia mtu anameza mate.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Mwanangu. Vigelegele vikapigwa kutoka jikoni kabla hata sijainua kichwa, baba mdogo, yule yule aliyetaka kunikana, akaruka akanikumbatia, na mimi nilikaa kwenye benchi la kanisa, nikacheka na kulia kwa jicho moja. Madumu mawili yalitosha, kwa taarifa yenu. Tena pombe ilibaki.

Rejeta niliisafisha kesho yake mara nne, na nyuki walilifuata lile lori kwa wiki mbili, tajiri akaniuliza nimebeba nini, nikamwambia maua ya harusi. Tangu siku hiyo niliapa, na kiapo sijakivunja: gari likichemsha nazima, nakaa kando kwenye nyasi, sigusi kitu mpaka lipoe na mimi nipoe. Na yeyote mwenye mvi atakayepita, awe na baiskeli, awe na mzigo wa kuni, awe na fimbo tu, nasimama namwamkia kabla hajaniuliza kitu. Wengi wao hawajui lolote kuhusu injini. Nawaamkia hivyo hivyo.